Jina Lililofutwa kwenye Bahasha ya Dawa

6 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, na nakuombea uwe hivyo hivyo. Mama anakusalimu. Goti linamsumbua asubuhi tu, ikifika saa nne limeshasahau. Analalamika kwamba wifi yake amemsusa, maana tangu mwaka uanze hajapata hata mstari mmoja kutoka kwako. Nimemwambia mashuka ya hospitali nzima hayafuliwi kwa mdomo.

Mimi niko pale pale kiwanda cha uchapaji, chumba cha nyuma, najalidi vitabu. Mwezi huu tuna daftari elfu mbili za mahudhurio ya shule, kona za kitambaa chekundu. Mikono yangu inanuka gundi hata nikitoka kuoga. Mchumba wangu, yule mshonaji wa sare niliyekueleza, anasema akifumbwa macho atanitambua kwa harufu tu. Tumepanga ndoa iwe Septemba.

Shangazi, nina jambo dogo. Kuna fundi mwenzangu hapa kazini ana tatizo la ngozi. Linakuja na kuondoka. Miaka miwili iliyopita daktari mmoja wa mji mwingine alimwambia ni malengelenge ya virusi, akamwandikia vidonge vya asiklovia. Vilimsaidia, kisha vikaisha. Hapa kwetu duka la dawa ni moja, naye hapendi kwenda pale. Kwa kuwa wewe unafanya kazi hospitali, nikaona nikuulize kama watu wa dirisha la dawa unaofahamiana nao wanaweza kukupatia kidogo. Si haraka. Ila ikiwezekana mwezi huu itakuwa vizuri.

Usinipigie simu kuhusu hili. Chumba changu na cha jirani vimetenganishwa na ubao mmoja, na jirani hana kazi.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako.


24 Februari

Bwana Gundi,

Marahaba, mwanangu. Mwambie mama yako sijamsusa, na goti alikande kwa maji ya moto badala ya kulisimulia kwa watu. Mashine kubwa ya kufulia iliharibika siku kumi na moja. Tukarudi kwenye mapipa na miti ya kukorogea, sisi wanawake wanne, tukikoroga mashuka kama uji wa majitu. Mabega yangu sasa ni ya mbeba mizigo. Huyo mshonaji wako akinishonea gauni la harusi, alijue hilo.

Sasa tuje kwa fundi mwenzako. Tatizo la ngozi liko wapi? Ngozi ni kubwa, mtu anayo kuanzia utosini mpaka nyayoni. Hukuandika mahali, na wewe ni mtu wa kuandika mpaka rangi ya kona za daftari. Halafu umeandika "si haraka" na "mwezi huu" bega kwa bega.

Muulize: yanatoka mara ngapi kwa mwaka? Yanakaa siku ngapi? Anasikia mwasho kabla? Unijibu. Jina lake sitauliza.

Barua yako nimeitia kwenye moto wa boila.

Shangazi yako.


8 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mama hajambo, amekanda goti, amekubali kwamba ulisema kweli ila ameniambia nisikuandikie hilo. Kazi inaendelea.

Nimemuuliza mwenzangu. Majibu ni haya. Mwaka jana: tarehe 9 Januari, siku nane. Tarehe 2 Machi, siku saba. Tarehe 21 Aprili, siku tisa, hii ilikuja na homa na matezi kwenye kinena. Tarehe 5 Juni, siku saba. Tarehe 30 Julai, siku nane. Tarehe 18 Septemba na tarehe 11 Novemba, siku saba saba. Mwaka huu ilianza tarehe 3 Februari, saa kumi na robo jioni, mwasho upande wa kushoto, wakati wa kupanga kurasa.

Nimesoma tena nilichoandika hapo juu. Hakuna mtu anayejua mwasho wa mwenzake ulianza saa kumi na robo.

Ni mimi, Shangazi. Na mahali ni pale ambapo sikupaandika.

Tarehe nimezinakili kutoka kwenye daftari langu, lile ninaloandika kila siku tangu kidato cha kwanza. Humo pia sijawahi kuandika neno lenyewe. Naweka nukta tu pembeni mwa ukurasa.

Nilikuwa nayo kabla ya kumjua mchumba wangu. Sitaeleza zaidi ya hapo, naomba unisamehe. Yeye hajui. Tumekubaliana kungoja mpaka ndoa, kwa hiyo bado hajaguswa na chochote. Kila akizungumzia Septemba mimi nahesabu siku, na si kwa furaha anayoidhani.

Duka la dawa nimekwenda, usifikiri sikujaribu. Muuzaji ni mama anayechota maji bomba moja na mchumba wangu. Ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya uwanja. Mara ya kwanza nilimpa ile karatasi ya daktari, akaiinua juu, akasema, "Hii ninayo ya kupaka midomoni na ya kumeza. Wewe unaumwa wapi, juu au chini?" Nyuma yangu alisimama mwalimu mkuu wa shule ambayo nilikuwa nimeijalidia daftari. Nikasema nimechukua karatasi ya mtu kwa makosa, mimi nataka dawa ya kikohozi. Nimerudi mara tatu nyingine, nikiwa nimejiandaa kabisa. Kila nikifika mbele yake mdomo unasema kikohozi.

Nina chupa nne za dawa ya kikohozi, Shangazi, na sikohoi.

Nakuandikia haya nikiwa sijui nitakutazamaje tukikutana. Ukiona siyo mambo ya kuandikiana na shangazi, usijibu. Nitaelewa.

Mimi.


29 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Umeandika kurasa tatu, na aibu imekula mbili na nusu. Wewe unaona haya kuandika, mimi naona haya kusoma. Haya, tumeonana haya, sasa tuendelee.

Ndani ya foronya hii mna bahasha ya vidonge thelathini. Jina nimelifuta, mtu akiiona chumbani kwako asianze kuuliza ya nani. Ukisikia mwasho tu, kabla hakijatoka kitu, hapo hapo anza. Usingoje uone kwanza. Kimoja asubuhi, kimoja mchana, kimoja jioni, siku tano. Ukichelewa siku mbili utakuwa unameza kwa kujifurahisha. Suruali za kubana weka kabatini. Nawa kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo, jipanguse taratibu kwa kitambaa laini. Mkojo ukichoma, jimwagie maji huku unakojoa. Na uwe umelala vya kutosha, maana uchovu unaiamsha, hasira pia.

Vidonge haviiondoi. Vinailaza. Na hata ikiwa imelala, siku ambayo huoni kitu kabisa, inaweza kumfikia mwenzako. Mipira inapunguza, haimalizi. Kwa hiyo nakuuliza swali moja na nataka jibu: mkwe utamwambia lini?

Mashine imepona. Inapiga kelele kuliko zamani lakini inafua.

Shangazi yako.


2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini mashine bado inafua. Mama amepata kuku watano, wawili wamekufa, anasema ni jicho la jirani. Mimi nasema ni banda.

Tarehe 17 Aprili, saa tano na dakika ishirini asubuhi, nilisikia mwasho. Saa tano na nusu nilikuwa nimeshameza. Siku ya tatu kilitoka kidonda kimoja, kidogo kama kichwa cha pini, siku ya tano hakikuwepo. Miaka miwili sijawahi kuona hivyo. Nilikwenda stoo, nikakaa kati ya mabunda ya karatasi nikalia kidogo. Msimamizi akaingia akauliza kuna nini, nikasema vumbi. Akanishauri ninywe dawa ya kikohozi.

Umeandika vizuri sana mambo ya chumvi na ya kujimwagia maji. Hata daktari hakunieleza hayo. Nilidhani dobi anajua mashuka tu.

Vimebaki kumi na vitano. Kama ukiweza kuniongezea, nitashukuru, nataka niwe na akiba ya kutosha kufika Septemba na kuendelea.

Kuhusu lile swali la mwisho, kazi zimekuwa nyingi.

Mimi.


26 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Vidonge thelathini vingine hivi hapa. Nakuandikia nikiwa nimesimama dirishani, mgongo umenishika, kwa hiyo barua ni fupi.

Kazi zimekuwa nyingi mpaka zimefunga mdomo? Unakutana naye kila Jumapili. Hapo kazi zinakuwa wapi?

Mpe mama yako pole kwa kuku.

Shangazi.


27 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Vidonge nimevipata, ahsante sana. Mgongo unaendeleaje? Hukuandika zaidi. Mama anauliza kama una mtu wa kukuchotea maji.

Mchumba wangu amekwisha kukata kitambaa cha gauni lake. Anakishona mwenyewe baada ya sare za wateja, na mimi haniruhusu kukiona. Jumapili iliyopita nilifika kwake nikiwa nimepanga maneno, nimeyaandika hata kwenye daftari na kuyakariri njiani. Akaanza kunihesabia watu wa upande wake watakaokuja. Nikamsaidia kuhesabu.

Nijibu, Shangazi, hata kama ni kunigombeza.

Mimi.


20 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Hujajibu. Mama ameambiwa na mwenzako wa dobini kwamba hukwenda kazini wiki mbili, na kwamba ulimkataza kila mtu kuja kukuona. Mama anasema ni mgongo. Nami nitamwachia auite mgongo.

Nimefanya jambo ambalo sikupaswa kufanya. Ni bora ulijue kutoka kwangu.

Nilipopata habari hizo nilidhani umefukuzwa kazi. Nilidhani ulikuwa unachukua dawa za wagonjwa kwa ajili yangu, na ndiyo maana ulifuta jina. Siku tatu sikula vizuri. Kisha nikafungua daftari langu. Bahasha zako zote mbili nilizibandika humo, kila moja kwenye tarehe niliyoipokea, kwa kuwa ndivyo nilivyo. Nilizitazama kama ninavyotazama kitabu cha zamani kilicholetwa kujalidiwa upya. Pale penye jina karatasi imelainika na kupauka, imeguswa na dawa ya kutolea madoa. Dawa ile inakula wino. Lakini aliyeandika alikandamiza kalamu, na mtaro wa kalamu hauliwi na dawa.

Nikapitisha penseli juu yake kwa ubapa, polepole, tunavyofanya tukitafuta mhuri uliofifia. Herufi zikajitokeza nyeupe. Nilitaka kujua ni mgonjwa gani amekosa dawa yake kwa sababu yangu. Jina lilikuwa lako, na la babu mwishoni. Chini yake palikuwa na maneno mengine uliyoyafuta: kimoja mara mbili, kila siku, aendelee. Bahasha ya pili ni hivyo hivyo.

Nilifunga daftari. Nimeingia mahali ambapo sikukaribishwa, na nimeingia kwa kiatu. Nisamehe.

Sasa najua kwa nini uliandika ukiwa umesimama.

Mtoto wa kaka yako.


11 Agosti

Wewe,

Marahaba. Nilitaka nisikujibu kabisa. Barua yako niliitia mfukoni mwa aproni nikazunguka nayo siku nane, nikikutukana kila nikipandisha shuka kwenye kamba.

Miaka thelathini na moja natoa madoa. Damu, iodini, chai, vitu ambavyo sitavitaja. Hakuna daktari wala muuguzi aliyewahi kunirudishia shuka akaniambia doa bado lipo. Umekuwa wa kwanza, nawe ni mtoto niliyekubadilisha nepi.

Ndiyo. Tangu nikiwa na miaka ishirini na minne. Aliyenipa sitamtaja, amekwisha kufa. Vidonge nilianza kuvipata miaka sita tu iliyopita, alipokuja daktari mmoja mwanamke aliyeuliza bila kukunja uso. Kabla ya hapo, chumvi na kusimama. Ndiyo maana nafahamu mambo ya chumvi.

Kila mwezi wananipa sitini. Nilikugawia nusu, nikawa nameza kimoja kwa siku badala ya viwili, nikijidanganya kwamba mwili wa mzee haujui kuhesabu. Kumbe unajua. Basi.

Sasa nikuambie kitu, halafu usinirudishie kwa barua. Kabla hujazaliwa kulikuwa na karani wa ghala, mtu mpole, alikuja kwetu mara tatu kuniposa. Mara ya kwanza nilisema bado nafikiri. Mara ya pili nilijificha jikoni. Mara ya tatu aliomba tuongee wawili tu, akaniuliza, "Niambie basi, nina kasoro gani?" Nikamwambia ana miguu mirefu mno.

Watu walicheka mwaka mzima. Baba yako alikuwa akiisimulia mpaka machozi yanamtoka, nawe umeisikia, najua, ni hadithi ya familia: shangazi mwenye maringo aliyemkataa mtu kwa sababu ya miguu. Mimi nami nilicheka. Niliona afadhali niitwe mwenye maringo. Lakini yule mtu alinyanyuka akaondoka, na nilimwona njiani akijitazama miguu.

Sina hakika kama angebaki ningemwambia. Labda angekimbia. Lakini angekimbia jambo la kweli.

Sikutumii vidonge tena. Si kwa hasira. Nenda ukafungue kadi yako mwenyewe, kwa jina ulilopewa, hata kama ni kliniki ya mji wa pili. Na mshonaji umwambie kabla gauni halijafika kwenye upindo. Akikuuliza una kasoro gani, usimtafutie miguu.

Usinihurumie. Nimepona, nakaa kwenye kiti kama watu.

Shangazi yako.


9 Septemba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mama hajambo, kuku waliobaki wametaga. Banda nimelijenga upya, kwa hiyo jirani ameondolewa lawama.

Tarehe 19 Agosti niliomba ruhusa kazini nikaenda kliniki. Sikwenda mji wa pili. Nilikwenda hapa hapa, ile iliyo nyuma ya ofisi ya maji. Nilikaa kwenye benchi kati ya mama mwenye mtoto na mzee mwenye kikohozi cha kweli. Nilipoitwa, muuguzi aliuliza tatizo bila kuinua kichwa. Nikalitaja. Malengelenge ya sehemu za siri. Nilingoja chumba kizima kigeuke kunitazama. Akasema, "Mara ngapi kwa mwaka?" Nikatoa daftari. Hapo ndipo alipoinua kichwa. Aligeuza kurasa zenye nukta, akasema, "Wewe ungekuwa unatunza rekodi za hapa, tungekuwa mbali." Kwa idadi ile, akasema, ni afadhali nimeze kila siku, viwili, mwaka mzima, kisha tutazame. Akanifungulia kadi. Ina jina langu kamili. Alisema pia dawa ya mtu haigawanywi, akanitazama kama aliyesikia habari zetu.

Nikadhani aibu itabaki pale kwenye benchi. Nilirudi nayo nyumbani. Ila imekuwa ndogo, naweza kutembea nayo bila kuchechemea.

Jumapili, tarehe 24, nilimwambia. Alikuwa kwenye cherehani, anamalizia mkono wa gauni. Sikutumia yale maneno niliyoyakariri. Nilimwambia nina ugonjwa gani, tangu lini, kwamba hauishi, kwamba unaweza kumfikia hata siku ambazo hauonekani, kwamba sasa nameza vidonge asubuhi na jioni, na kwamba nilipaswa kusema kabla hajakata kitambaa. Mguu wake ulisimama kwenye pedali.

Akauliza, "Nani mwingine anajua?"

Nikasema, "Shangazi."

"Tangu lini?"

"Tangu Machi."

"Kumbe mimi nashona tangu Juni na watu wanajua tangu Machi." Halafu akasema, "Ondoka kwanza. Sijakufukuza. Ondoka tu."

Habari zako sikumgusia hata neno. Hizo ni zako.

Siku tisa hakunitumia salamu. Nilipita mbele ya kibanda chake kila jioni kwa sababu ndiyo njia yangu, na kila jioni alikuwa ameinamia kitambaa cha shule. Gauni lilikuwa limetundikwa ukutani, mkono mmoja, mwingine bado. Nililiona zima kwa mara ya kwanza. Sikulifurahia kama inavyopaswa.

Siku ya kumi, asubuhi, nilikuwa napita bila kutazama. Akaniita kutoka ndani, pini zikiwa mdomoni, "We Gundi. Umemeza cha asubuhi?"

Nikasema nimemeza.

"Haya, nenda kazini. Alhamisi nakwenda na wewe huko kliniki, nina maswali yangu, na si ya kukuuliza wewe." Kisha akageuka kwenye cherehani. "Na Septemba uisahau. Mimi bado nina hasira na wewe, na sishoni nikiwa na hasira, mishono inapinda."

Alhamisi tulikwenda. Aliuliza maswali kumi na moja. Hayo ndiyo niliyonayo, Shangazi. Hajasema ndiyo, hajasema hapana. Gauni bado lina mkono mmoja. Kila asubuhi ananiuliza swali lile lile, nami namjibu.

Vidonge vyako vilivyobaki, kumi na vitano, nakurudishia ndani ya foronya yako. Nimevitia katika bahasha ya pili, niliyoibandua kwa mvuke bila kuichana. Ile penseli nimeifuta. Kisha nikachukua kalamu ya wino mweusi, ule tunaoandikia migongo ya vitabu ili usitoke, nikaliandika jina lako upya, herufi kwa herufi, ndani ya mtaro ule ule.

Tafadhali usilifute.

Mtoto wa kaka yako.